Mwindaji wa Kuletwa: Ushauri Kuhusu Kutumia Maadui wa Asili Dhidi ya Wadudu Wavamizi wa Mazao

Miongoni mwa njia za kupunguza wadudu waharibifu wa mazao, ipo moja ambayo haiuzwi dukani wala haibebwi katika bomba la mgongoni, nayo ni ya kumfuata mdudu mvamizi hadi nchi alikotoka, kumtafuta huko kiumbe aliyekuwa akimla, kisha kumleta kiumbe huyo mahali palipovamiwa ili azaliane na aendelee na kazi yake msimu hadi msimu. Wataalamu huiita njia hiyo udhibiti wa kibiolojia wa kuleta adui wa asili, na hoja inayoibeba ni nyepesi kuelezwa: mdudu akisafirishwa ndani ya shehena ya nafaka au juu ya kipande cha shina la kupandia, hufika ugenini akiwa ameachana na wale waliokuwa wakimpunguza kwao, naye akikuta chakula tele na hakuna wa kumla, huongezeka kwa kasi ambayo haijapata kuonekana katika nchi yake ya asili, hata wakulima wa nchi hiyo huenda wasimjue kuwa ni mharibifu.

Maadui wanaoletwa ni wa aina mbili kuu, na mkulima anafaa kuzitofautisha kwa sababu dalili za kazi zao hazifanani. Wa kwanza ni wawindaji halisi, kama vile wadudu-kobe wajulikanao kwa mabawa yao yenye madoa na utitiri walao utitiri, ambao hukamata mawindo mengi katika maisha yao na kuyala au kuyafyonza. Wa pili ni nyigu vimelea, wadudu wadogo mno ambao wengi wao hawazidi ukubwa wa chembe ya mchanga mnene na hawamdungi binadamu, na majike yao hutaga yai ndani ya mwili wa mdudu mharibifu, na buu atokaye katika yai hilo humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka afe. Katika makala haya neno mwindaji linatumika kwa wote wawili, isipokuwa pale ambapo tofauti yao ina maana kwa kazi ya shambani.

Hakuna mfano unaoonyesha uwezo na ugumu wa njia hii vizuri zaidi kuliko ule wa kidung'ata wa muhogo, mdudu laini aliyefunikwa unga mweupe, ambaye kisayansi huitwa Phenacoccus manihoti. Aligunduliwa katika eneo la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa kuwa majike yake huzaa bila kuhitaji dume, mdudu mmoja aliyebebwa na upepo au na kipando alitosha kuanzisha ukoo mzima katika shamba jipya. Anapofyonza utomvu wa ncha ya mche hutia humo sumu inayofupisha pingili za shina na kuyakunja majani yakawa kama ngumi iliyofumbwa, na katika maeneo yaliyoshambuliwa vikali mavuno ya mizizi yalipungua kwa hadi asilimia 80. Pamoja na mizizi ilipotea mboga, yaani kisamvu, ambacho wakazi wa Kongo hukiita pondu au sombe na ambacho kwa kaya nyingi ndicho kitoweo cha kila siku. Katika muda wa takriban miaka 15 mdudu huyo alikuwa ameenea karibu katika nchi zote za Afrika zinazolima muhogo, nao wakulima waliokumbwa hawakuwa na fedha ya kununulia dawa, wala dawa haikuwa ikipenya vizuri ndani ya majani yaliyokunjamana.

Kwa kuwa muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, iliyoko Ibadan nchini Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren kutoka Uswisi, waliamua kumtafuta adui huko huko. Hatua yao ya mwanzo ilikwama kwa kosa ambalo kila mkulima anafaa kulijua: kaskazini mwa Amerika ya Kusini alipatikana kidung'ata aliyefanana sana na yule wa Afrika, wakakusanywa maadui zake, lakini maadui hao hawakutaka kumgusa mdudu wa Afrika, kwa sababu walikuwa wamezoea spishi nyingine iliyo jirani yake tu. Ilipofika mwaka 1981 ndipo kidung'ata mwenyewe alipopatikana Paraguay, pamoja na nyigu kimelea ambaye sasa huitwa Anagyrus lopezi. Nyigu hao walipitishwa karantini nchini Uingereza, maana yake walifungiwa mahali salama na kuchunguzwa kizazi baada ya kizazi ili wasije na vimelea wengine, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakaachiwa Nigeria. Walienea wenyewe kwa makumi ya kilomita kwa mwaka, wengine wakadondoshwa kwa ndege, na mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo.

Jambo moja katika habari hiyo linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Pamoja na nyigu waliletwa pia bungo wadogo wa jamii ya wadudu-kobe, ambao mmoja wao akitazamwa anavyokula vidung'ata mtu angesema kazi imekwisha, lakini mchango wao ulikuwa mdogo. Bungo huhitaji mawindo mengi mahali pamoja, na mawindo yakipungua huruka akaenda kwingine, ilhali nyigu mdogo anaweza kumtafuta kidung'ata mmoja aliyejificha katika mche mmoja kati ya mamia, akataga yai, akaendelea. Ulafi, kwa hiyo, si kipimo cha mwindaji mzuri. Kipimo ni uwezo wake wa kulipata windo wakati windo limekuwa adimu, kwa sababu hapo ndipo mlipuko mpya huzuiwa kabla haujaanza, na hiyo ndiyo sababu ya kumwonya mkulima asiipime faida ya njia hii kwa wingi wa wadudu wakubwa wenye rangi anaowaona juu ya mimea.

Mfano wa pili unahusu mwindaji halisi, nao ni wa manufaa zaidi kwa mkulima kwa sababu unampa kazi ya kufanya kwa mikono yake. Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, ambaye ni wa jamii ya buibui na si mdudu hasa, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971, akitokea Amerika ya Kusini kama kidung'ata. Hukaa chini ya majani machanga na kuyafyonza mpaka yanakuwa na madoadoa ya njano, yanadumaa na kupukutika, na wakati wa kiangazi ncha ya mche hubaki uchi kama utambi wa mshumaa. Kati ya mwaka 1984 na 1988 waliletwa kutoka Colombia utitiri walao utitiri wa spishi mbalimbali, wakaachiwa kwa mamilioni, na hakuna spishi iliyodumu. Baadaye watafiti waliyatafuta maeneo ya kaskazini mashariki mwa Brazili, ambayo kiangazi chake kinafanana na cha sehemu nyingi za Afrika, na huko wakampata Typhlodromalus aripo, ambaye aliachiwa Benin mwaka 1993 na kujikita, kisha akapelekwa katika nchi nyingi zikiwemo za Afrika Mashariki.

Mchana aripo hujificha ndani ya ncha ya mche, katikati ya vijani vidogo ambavyo havijafunguka, na usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Utitiri wa kijani wakiwa haba hafi njaa, kwa sababu huweza kula chavua ya mahindi na mimea mingine na kulamba majimaji yanayotoka kwenye ncha ya muhogo. Uwezo huo wa kuvumilia wakati wa dhiki ndio uliokosekana kwa wale wa Colombia. Katika Benin mashamba yenye aripo yaliongeza mavuno kwa takriban theluthi moja, bila mkulima kutoa hata senti.

Kutokana na tabia hizo, mkulima wa muhogo anashauriwa mambo kadhaa ambayo gharama yake ni uangalifu tu. Kwanza achunguze kama mwindaji tayari yupo, kwa kuzifungua taratibu ncha za miche 20 au 30 iliyotawanyika shambani, asubuhi kabla jua halijawa kali, akitumia kioo cha kukuzia ikiwezekana. Aripo ana mwili unaong'aa wenye umbo la pea na hukimbia upesi akiguswa, ilhali utitiri wa kijani ni mdogo zaidi, ni mzito wa mwendo, na hupatikana chini ya jani badala ya ndani ya ncha. Aripo akikosekana kabisa, na katika kata hiyo hiyo kuna shamba analopatikana kwa wingi, bwana au bibi shamba anaweza kusimamia uhamishaji wa ncha: hukatwa asubuhi ncha kadhaa zenye wawindaji, huwekwa katika mfuko wa karatasi kivulini, na siku hiyo hiyo kila moja hupachikwa juu ya ncha ya mche ulio hai katika shamba jipya, ili ncha iliyokatwa inaponyauka utitiri wahamie kwenye ile mbichi. Wakati unaofaa ni wa mvua, miche ikiwa imeshika na ina ncha zenye afya, kwa kuwa kiangazini ncha hukauka na wawindaji hupungua wenyewe.

Kuna sharti katika kazi hiyo ambalo halifai kupuuzwa. Muhogo wa Afrika Mashariki umeandamwa na maradhi mawili ya virusi, yaani batobato na michirizi ya kahawia, yanayoenezwa na nzi weupe na kwa vipando, kwa hiyo ncha za kuhamishwa zichukuliwe tu kutoka mimea isiyo na dalili za maradhi, zikung'utwe nzi weupe, zikaguliwe zisiwe na vidung'ata, na zisivuke mpaka wa wilaya bila idhini ya afisa wa afya ya mimea. Msaada unaobeba maradhi ya pili si msaada.

Mkulima anayechagua mbegu anaweza pia kumpa mwindaji makazi bora, kwa kuwa aina za muhogo zenye vinyweleo katika ncha huwahifadhi aripo wengi kuliko zile zenye ncha laini. Vilevile desturi ya kuchanganya muhogo na mahindi, ambayo wazee waliifuata kwa sababu nyingine, humpatia chavua ya kujikimu. Katika nyanda zenye baridi au zenye kiangazi kirefu sana mafanikio huwa madogo, na wakulima wa huko wasijilaumu wala wasimlaumu aliyewashauri, bali waelekeze nguvu katika kupanda mapema mvua zinapoanza, ili muhogo ukutane na kiangazi ukiwa na nguvu ya kuvumilia.

Suala la hali ya hewa linajitokeza tena katika kabichi na sukuma wiki, ambazo hushambuliwa na viwavi wa nondo mdogo mwenye alama kama almasi mgongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye alifanya vizuri katika maeneo ya baridi kama vile milima ya Taita, lakini si nyigu wa maeneo ya joto, ambako ilibidi atumike mwingine, Cotesia vestalis. Mkulima wa bonde lenye joto akisikia sifa za nyigu wa milimani, swali lake la kwanza liwe kama nyigu huyo anaishi mahali palipo na joto kama kwake.

Baada ya mifano ya mafanikio ni haki kuangalia upande wa pili, kwa kuwa baadhi ya madhara makubwa yaliyowahi kuletwa na njia hii yana uhusiano na pwani ya Afrika Mashariki yenyewe. Konokono mkubwa wa Afrika, ambaye asili yake ni ukanda huu, alisambazwa na binadamu katika Asia na visiwa vya bahari ya Pasifiki, akawa balaa katika bustani. Ili kumdhibiti, aliletwa konokono mwindaji wa rangi ya waridi kutoka Marekani, Euglandina rosea, aliyefikishwa Hawaii mwaka 1955 na katika kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Konokono wakubwa hawakumalizika, bali mwindaji huyo aliwageukia konokono wadogo wa jenasi Partula wa Moorea, ambao spishi zao hazikuwa zikipatikana kwingine duniani na hawakuwa wamemkosea mtu, na katika muda wa takriban miaka 10 walikuwa wametoweka katika misitu ya Moorea. Waliosalia wakati huo walikuwa hasa wale waliohifadhiwa katika bustani za wanyama. Chura wa miwa aliyepelekwa Queensland, Australia, mwaka 1935 ili ale bungo wa miwa hakuweza kuwafikia bungo waliokaa juu ya mabua, lakini alienea mbali na sumu ya ngozi yake ikawaua wanyama waliojaribu kumla. Nguchiro wa India alipelekwa Jamaika mwaka 1872 na Hawaii mwaka 1883 kuwinda panya wa mashamba ya miwa, naye kwa kuwa huwinda mchana na panya wengi hutoka usiku, aliishia kula ndege na mayai yao. Wakazi wa Ziwa Viktoria hawahitaji kufundishwa jambo hili na visiwa vya mbali, kwani ingawa sangara hakuletwa katika miaka ya 1950 ili aue wadudu, wanajua jinsi samaki mmoja mla-nyama alivyowafuta furu wa mamia ya spishi.

Ukiyaweka matukio hayo bega kwa bega, tofauti kati ya nyigu wa muhogo na konokono wa Moorea haiko katika bahati. Nyigu hula kitu kimoja, au vitu vichache vilivyo ndugu. Konokono, chura, nguchiro na sangara hula kila kinachowaingia mdomoni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kumpima mwindaji wa kuletwa ni ufinyu wa chakula chake, na mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, pamoja na konokono mla-konokono, asifikiriwe kabisa kuwa dawa ya wadudu, hata kama anayemsifu ni mtu mwenye elimu. Hata aripo anayekula chavua hakuachiwa kabla ya kuchunguzwa kama angeidhuru mimea.

Kutokana na hayo, mtu binafsi asijaribu kuleta mwindaji kutoka nchi nyingine, wala kwa kuagiza kwenye intaneti, wala kwa kubeba mizigoni, hata kama nia yake ni kuokoa shamba lake mwenyewe. Mwindaji akishajikita harudishwi. Dawa iliyonyunyiziwa kimakosa huoza baada ya muda, lakini kiumbe anayezaa hana mwisho, na hasara yake huwaangukia majirani ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana uingizaji wa viumbe hao umewekewa kiwango cha kimataifa cha afya ya mimea, Namba 3, kilichorekebishwa mwaka 2005, na kila nchi ina mamlaka yake, kama vile KEPHIS nchini Kenya na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, nchini Tanzania. Kikundi cha wakulima kinachoona mdudu asiyejulikana kinashauriwa kupeleka kwa afisa ugani sampuli ya mdudu aliyekufa ndani ya spiriti, pamoja na picha za dalili, jina la zao na mahali. Asipelekwe akiwa hai, kwa kuwa chupa ikivunjika katika kituo cha basi mdudu huyo ataanza safari yake mwenyewe. Kosa la watafiti wa kidung'ata waliomtafuta adui wa spishi isiyo sahihi linaonyesha kwamba jina la mdudu si mapambo ya kitaaluma, na kwamba msaada wote hutegemea jina hilo.

Mwindaji akishaachiwa na mamlaka, wajibu unahamia kwa mkulima, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Historia ya njia hii yenyewe ina somo hilo. Mwaka 1888 na 1889 Albert Koebele alituma kutoka Australia hadi California bungo wekundu wadogo, Rodolia cardinalis, idadi yao ya mwanzo ikiwa kidogo zaidi ya 100, na katika muda wa karibu miaka 2 waliliokoa zao la michungwa na milimau lililokuwa likifa kwa wadudu wa unga. Kwa miongo kadhaa mdudu huyo hakusumbua tena. Katika miaka ya 1940 wakulima walipoanza kunyunyizia DDT dhidi ya wadudu wengine, dawa iliwaua bungo, na wadudu wa unga wakafumka upya katika bustani ambazo watu walikuwa wamesahau kwamba zina mlinzi.

Viuatilifu vinavyoua kila mdudu, hasa vya jamii ya pairethroidi na vile vya organofosfeti, huwaua nyigu na utitiri wawindaji kabla ya kummaliza mharibifu, kwa sababu mharibifu amejificha chini ya jani au ndani ya unga wake na mwindaji ndiye anayetembea juu akitafuta. Inawezekana kusema kwamba umaskini wa mkulima wa muhogo ulimlinda nyigu, maana hakuwa na dawa ya kunyunyizia, ilhali katika kabichi zinazopulizwa kila wiki Diadegma hupata shida kubwa ya kuishi. Mkulima wa kabichi anayelazimika kutumia dawa achague zile za bakteria Bacillus thuringiensis, ambazo huua viwavi tu baada ya kuzila, au mwarobaini, au sabuni ya maji, ambayo haina nguvu tena ikishakauka, na anyunyizie vitalu vilivyozidiwa pekee, akiacha sehemu ya shamba ambayo haiguswi ili wawindaji wapate pa kukimbilia na pa kurudia.

Katika mipapai ya pwani hatari ya dawa inachanganyika na ya sisimizi. Kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, aliripotiwa pwani ya Kenya mwaka 2016, na baadaye aliletwa kutoka Ghana nyigu wake, Acerophagus papayae. Sisimizi hupenda kulamba utomvu mtamu unaotoka kwa vidung'ata, na kwa sababu hiyo huwalinda dhidi ya nyigu kama mchungaji alindavyo mifugo. Mkulima azungushe shina kwa ukanda wa plastiki uliopakwa grisi, aondoe matawi ya miti jirani yanayogusa mpapai ili sisimizi wasipate daraja, na ajifunze kuwatambua vidung'ata waliokwisha kutagiwa: hawa hugeuka kahawia, huwa wagumu kama punje, na nyigu akishatoka huacha tundu dogo la mviringo. Jani lililojaa wadudu wa kahawia lisichomwe moto, kwa kuwa limebeba kizazi kijacho cha walinzi. Libaki juu ya mti, na kinachochomwa au kufukiwa kiwe ni majani na matunda yenye vidung'ata weupe hai tu.

Kuhusu nafaka ghalani, ushauri unabadilika. Dumuzi, Prostephanus truncatus, aliyegunduliwa Afrika mkoani Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwahi kula hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi 3 hadi 6. Mwindaji wake kutoka Amerika ya Kati, bungo Teretrius nigrescens, ambaye huifuata harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake, aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Dumuzi huishi pia katika miti ya porini, na huko mwindaji anaweza kupunguza idadi ya wale wanaoruka kwenda vijijini. Ndani ya ghala hali ni tofauti, kwani mwindaji huongezeka baada ya windo kuongezeka, na wakati anapofikia wingi wa kutosha mahindi yamekwisha kuwa unga. Shambani mmea unaweza kupoteza majani kadhaa na ukazaa, lakini punje iliyotobolewa haiponi. Kwa hiyo mwenye ghala asimtegemee mwindaji hata siku moja: akaushe mahindi mpaka yafikie unyevu usiozidi asilimia 13, ayapukuchue, ayatie katika mifuko isiyopitisha hewa au pipa la bati lililofungwa sawasawa, na aondoe magogo na miti mikavu iliyotobolewa karibu na ghala.

Linalobaki ni kujua kama mwindaji anafanya kazi, na hili halijulikani kwa kutazama shamba kwa mbali. Mwindaji hafuti mharibifu. Akimfuta naye hufa kwa njaa. Anachofanya ni kumshusha mpaka kiwango ambacho mmea unakivumilia, na kushuka huko huchukua misimu miwili au zaidi, huku msimu wa kwanza ukiweza kuonekana kama hakuna kilichobadilika. Mkulima ateue miche 20 ileile, aifunge utepe, na mara moja kwa mwezi aandike katika daftari ni mingapi ina mharibifu, ni mingapi ina mwindaji au vidung'ata wa kahawia, mvua ilinyesha lini na dawa gani ilinyunyiziwa na nani, hata kama aliyenyunyizia ni jirani upande wa upepo. Idadi ya miche yenye mwindaji ikipanda miezi mitatu mfululizo, dawa isiguswe hata kama majani bado yana madoa. Isipopanda baada ya misimu miwili ya mvua, daftari hilo lipelekwe kwa afisa ugani jinsi lilivyo.